AC YA GARI KUUKUU: TUPIME KWANZA, NDIPO TUFUNGUE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa madereva na mafundi, Bofu, Likoni)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu madereva, ndugu mafundi wa gereji na wa jua kali, na nyinyi vijana wanagenzi,

Tumeombwa na tawi tuseme habari ya kiyoyozi cha gari, ambacho barabarani sote twakiita AC. Huenda mmoja wenu akauliza: chama cha wafanyakazi kina shauri gani na baridi ya bwana aketiye kiti cha nyuma? Jibu letu ni hili. Baridi ni ya abiria, lakini baridi ikikatika lawama ni ya dereva na hasara ni ya fundi. Huku kwetu ng'ambo, gari la teksi au la kuchukua wageni kwenda Diani likiwa halina AC, wageni hulikimbia. Basi mwenye gari humgeukia dereva akasema, "Wewe ndiwe uliyeua kompresa, nitakata mshahara wako." Dereva naye humgeukia fundi. Fundi hujaza gesi, akapokea pesa yake, na baada ya wiki mbili joto limerudi. Watu watatu wagombana, wala hakuna hata mmoja kati yao aliyepima.

Kwa hiyo leo twataka kusema mambo matatu: jinsi mtambo huu ufanyavyo kazi, jinsi ya kuutafuta ugonjwa wake kwa taratibu, na haki ya mfanyakazi ugonjwa ukiisha kujulikana.

MTAMBO HUFANYAJE KAZI

Ndugu, AC haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuchukua joto lililo ndani ya gari na kulitupa nje. Kila fundi amewahi kumwagikiwa na petroli mkononi, akasikia baridi. Petroli inapokauka huondoka na joto la ngozi. AC hufanya vivyo hivyo. Gesi iitwayo R134a, ikiachwa huru, huchemka kwenye baridi ya nyuzi 26 chini ya sifuri ya Selsiasi. Ikichemka hunywa joto. Ikibanwa na kupozwa hulitapika joto lile na kuwa maji tena.

Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huivuta gesi hafifu na kuibana. Gesi hutoka hapo ikiwa ya moto yenye presha kubwa, ikaingia katika kondensa, yaani ule wavu ulio mbele ya rejeta. Huko hupigwa na upepo ikawa maji. Kisha hupita katika chupa ya kukaushia, ambayo huchuja taka na kunyonya unyevu. Halafu hufika kwenye vali ya kupanulia, tundu jembamba sana; ikilivuka tundu hilo presha yake huanguka, nayo huchemka ndani ya evapureta iliyo nyuma ya dashibodi. Hewa inayopulizwa na feni hupita juu ya evapureta ikaachwa baridi, na gesi hurudi kwa kompresa kuanza safari upya.

Huu ni mzunguko uliofungwa. Gesi hailiki kama petroli. Ukiacha kiasi kidogo kinachopenya kwenye mipira kwa miaka mingi, gesi ikiwa imepungua basi imevuja. Neno hili lishikeni sana, maana juu yake ndipo pesa nyingi za watu zimepotea.

Tuseme pia habari ya aina za gesi. Gari la kwanza kuuzwa likiwa na kiyoyozi cha kiwandani lilikuwa Packard la Marekani, mwaka 1939, na kompresa yake haikuwa na klachi. Aliyetaka kuizima ilimpasa asimamishe injini na kuvua mkanda. Kwa miaka mingi magari yalitumia R12. Baadaye wataalamu waligundua ya kuwa gesi hiyo hula tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuiondoa. Nchi kama zetu zilipewa hadi mwaka 2010 kuiacha kabisa. Tangu katikati ya miaka ya 1990 magari mengi yana R134a, na hiyo ndiyo iliyomo katika mengi ya magari makuukuu yetu yaliyoshushwa Kilindini kutoka Japani. Magari mapya zaidi yana R1234yf, ambayo vifungo vyake vya kujazia ni vingine na yaweza kushika moto. Kila moja ina mafuta yake ya kompresa. Basi kabla ya kugusa lo lote, fungua boneti usome kibandiko.

KUUTAFUTA UGONJWA

Daktari hadungi sindano kabla ya kumuuliza mgonjwa. Nasi tuwe hivyo.

1. Mulize dereva. Je, baridi ilikufa ghafula au ilipungua polepole? Ikifa ghafula, shuku umeme, mkanda, au bomba lililopasuka. Ikipungua kwa miezi, shuku uvujaji. Je, yapoza gari likienda na kufa likisimama? Hili twaliona kila siku katika foleni ya feri. Barabara ya Ukunda gari ni baridi. Likifika Likoni na kungoja kivuko, joto. Sababu ni nini? Gari likienda, upepo wa njia waipoza kondensa. Likisimama hakuna upepo ila wa feni ya mbele. Feni hiyo ikiwa imekufa au inazunguka kivivu, presha hupanda na baridi hukatika. Hapo tazama feni, fyuzi yake, rilei yake, na uchafu uliojaa katika kondensa. Fundi anayekimbilia chupa ya gesi kwa ugonjwa huu anauza dawa ambayo mgonjwa haihitaji, tena anamwongezea maradhi, maana gesi ikizidi presha nayo huzidi.

2. Tazama upepo wa ndani. Ukifungua feni na upepo hautoki kabisa, anza na fyuzi, kisha rilei, kisha mota. Upepo ukitoka kwenye namba ya mwisho tu na namba nyingine zimekufa, rezista ya feni imeungua. Ni kipuri kidogo, wala hakihusu gesi. Upepo ukiwa hafifu na mota ni nzima, fungua kichujio cha hewa ya ndani. Mara nyingi utakuta kimejaa vumbi na majani, hakijaguswa tangu gari literemke melini.

3. Sikiliza klachi. Injini ikinguruma, mwenzako awashe AC. Yapasa usikie mlio mdogo, "ta!", na uso wa kompresa uanze kuzunguka pamoja na puli. Ukishika, nenda hatua ya nne. Usiposhika, chukua taa ya kupimia. Umeme ukifika kwenye waya wa klachi nayo haishiki, pima koili: nyingi huwa na upinzani wa ohmu 3 hadi 5. Ikionyesha waya umekatika, koili imeungua. Ikiwa koili ni nzima, tazama nafasi kati ya puli na uso wa klachi. Kwa kawaida ni kama nusu milimita, na klachi iliyolika huwa na nafasi kubwa hata sumaku isiweze kuuvuta uso.

Umeme usipofika, rudi nyuma: fyuzi, rilei, swichi ya presha. Swichi hii hukata umeme makusudi gesi ikiwa imekwisha, na ina sababu. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi isipozunguka, mafuta hayarudi, na chuma hukwaruza chuma. Wako watu huunganisha waya kuipita swichi, gari likaondoka na "baridi kidogo". Hao hawakutengeneza AC, ila wameihukumu kompresa kufa.

4. Tumia mkono. Jihadhari na feni na mkanda, wala usivae shati lenye mikono mipana. Bomba jembamba litokalo kwenye kompresa kwenda kondensa yapasa liwe la moto. Bomba nene lirudilo yapasa liwe baridi na lenye jasho. Yote mawili yakiwa na joto moja ilhali klachi imeshika, ama gesi haipo, ama kompresa haisukumi. Bomba nene likiwa baridi barabara na ndani ya gari bado ni joto, basi mtambo wa gesi ni mzima. Tazama kile kilango kinachochanganya hewa baridi na hewa ya hita. Katika magari makuukuu kilango hiki hukwama au waya wake hukatika.

5. Funga geji. Kwanza zisome injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika. Sindano zote mbili yapasa zisimame mahali pamoja. Kwa R134a, penye joto la nyuzi 30, zitasimama karibu na 100 PSI, yaani ratili 100 kwa kila inchi ya mraba. Lakini tahadharini: kipimo hiki chasema tu ya kuwa ndani mna gesi ya maji, hakisemi ni kiasi gani. Maadamu limebaki tone, sindano husimama pale pale. Anayesoma geji injini imezimwa na kusema, "Gesi imejaa," hajui asemalo.

Sasa washa, ongeza mwendo wa injini kidogo, feni ya ndani iwe namba ya mwisho. Katika joto la Mombasa, upande wa chini ukiwa kati ya 30 na 45, na wa juu kati ya 200 na 250, mtambo una afya. Ukiona vinginevyo, soma hivi:

(a) Pande zote mbili zi chini: gesi imepungua. Tafuta inapovujia.

(b) Pande zote mbili zi juu: gesi imezidi, au hewa imeingia, au kondensa haipozwi.

(c) Upande wa chini umepanda na wa juu umeshuka, hazipishani sana: kompresa imechoka.

(d) Upande wa chini waanguka hadi sifuri au chini yake: njia imeziba, penye vali ya kupanulia au chupa ya kukaushia. Ikiwa yapoza kwa muda, yakatika, na baada ya kupumzika yapoza tena, shuku unyevu unaoganda ndani ya tundu la vali.

Mwisho tia kipimajoto katika tundu la upepo. Hewa ya pwani imejaa maji, na sehemu kubwa ya nguvu ya AC yetu hutumika kuukamua mvuke huo. Kwa hiyo hewa ya nyuzi 8 hadi 12 katika gari kuukuu adhuhuri ya Bofu ni kazi njema, msidai ya Limuru. Maji yanayodondoka chini ya gari ni dalili ya afya. Maji yakilowesha zulia la ndani, bomba la kuyatolea nje limeziba. Lizibueni, na ile harufu ya uvundo itapungua.

UVUJAJI NA CHUMVI YA BAHARI

Sisi tunaokaa kati ya Kilindini na bahari kuu tuna adui mmoja asiyepumzika, nayo ni chumvi. Upepo waileta, nayo hukaa juu ya kondensa ya aluminiamu ikaila polepole. Tazameni mahali penye doa la mafuta lililoshika vumbi. Gesi ikitoka hutoka na mafuta yake, kwa hiyo doa ni shahidi. Kagueni oringi za viungo, muhuri wa mbele wa kompresa, na vali za kujazia ambazo vifuniko vyake vimepotea. Maji ya sabuni ni rahisi na hayadanganyi. Mwenye rangi ya kung'aa na taa yake ya urujuani, au chombo cha kunusa gesi, atapata tundu dogo zaidi.

Ukitaka kujaza presha ili kutafuta tundu, tumia naitrojeni yenye kidhibiti chake. Usitumie oksijeni ya kuchomelea hata siku moja: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na tundu lako utalitafutia hospitali.

Tundu likiisha kuzibwa, badilisha chupa ya kukaushia. Vuta hewa kwa pampu kwa muda wa nusu saa au zaidi, ufunge, ungoje dakika 20 hadi 30. Sindano ikipanda, bado pana tundu au maji. Ikitulia, jaza gesi kwa mizani, gramu zile zilizoandikwa kwenye kibandiko. Na dereva, unapoosha gari, mwagia kondensa maji matamu, si maji ya kisima cha chumvi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

USALAMA WA FUNDI

Tusikubali kuumia kwa ajili ya gari la mtu. Gesi ikiruka huigandisha ngozi na yaweza kupofusha jicho. Vaeni miwani na glavu. Ikiguswa na moto au na chuma chekundu hugeuka kuwa sumu. Msichomelee bomba lenye gesi ndani, wala msivute sigara hapo. Ni nzito kuliko hewa, hulala ndani ya shimo la gereji na kumnyima pumzi aliye chini. Tena msiiachie hewani: R134a hailiozi ozoni, lakini kilo moja yake huongeza joto la dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo moja ya moshi wa kaboni.

Na akitokea mtu kuwaambieni ya kuwa gesi ya kupikia hupoza vizuri na ni rahisi, mwambieni ni kweli hupoza. Lakini evapureta imo mbele ya magoti ya dereva. Siku itakapovuja, moto utakuwa ndani pamoja na abiria. Asiyekubali kazi ya namna hiyo chama kitasimama naye.

HAKI YA MSHAHARA

Sasa twafika penye kiini. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika sehemu ya 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini ni pale ambapo uharibifu umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kompresa iliyokufa kwa uzee si kosa la makusudi. Kondensa iliyoliwa na chumvi si kosa la makusudi.

Lililetwa kwetu shauri la dereva mmoja, mchukua wageni. Kompresa ilikwama njiani, na mwenye gari akataka bei ya mpya ikatwe katika mishahara minne. Dereva hakuwa na la kusema ila, "Sikufanya neno." Hilo halitoshi. Tuliomba mafundi wawili waifungue mbele ya pande zote. Mafuta yalikuwa meusi na machache. Chupa ya kukaushia ilikuwa ile ile ya tangu kiwandani. Waya wa swichi ya presha ulikuwa umeunganishwa moja kwa moja. Risiti za mwenye gari mwenyewe zilionyesha gesi imejazwa mara tatu kwa mwaka mmoja, wala hakuna aliyetafuta tundu wala kuongeza mafuta. Karatasi ikaandikwa, ikatiwa sahihi. Makato yakafutwa siku ile ile. Ndugu, hakushinda kwa kelele. Alishinda kwa sababu walikuwako mafundi wawili waliojua kusoma ugonjwa na hawakuogopa kuuandika.

Kwa hiyo twawaomba mambo manne.

Dereva: weka daftari. Andika siku baridi ilipopungua, siku ulipomwarifu mwenye gari, na alivyojibu. Ukisikia mlio mpya au kuona baridi imeanza kufifia, sema siku hiyo hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Fundi: katika risiti andika ulichosoma kwenye geji kabla ya kazi na baada yake, gramu ulizotia, na kipuri ulichotoa, kipuri kikuukuu mrudishie mwenyewe.

Tena fundi: dai malipo ya kupima. Kupima ni kazi. Tukiona haya kulipisha saa moja ya kutafuta, tutalazimika kujipatia riziki kwa kuuza gesi isiyohitajika, na huo ndio mwanzo wa kuitwa wezi.

Mwanagenzi: usiridhike kushika spana tu. Uliza kwa nini. Kisha kafanye mtihani wa ufundi wa NITA, upate karatasi inayosema unalolijua, ili neno lako litakapohitajika katika shauri la mwenzako lisidharauliwe.

Ndugu, Januari mwaka 1947 wazee wetu walisimamisha kazi mji mzima wa Mombasa kwa sababu ya mshahara. Sisi hatuwezi kuuacha mshahara huo huo ukatwe kwa sababu ya sindano ambayo hakuna aliyejisumbua kuisoma. Jumamosi ijayo, baada ya kazi, geji za tawi zitakuwa hapa pamoja na gari moja kuukuu lisilopoza. Njooni na vitambaa vyenu vya mikono, tuutafute ugonjwa wake pamoja.

Umoja ni nguvu.